Muziki wa lupu

Muziki wa lupu ni namna ya kupiga muziki ambapo mwanamuziki hurekodi kipande kifupi cha sauti akiwa jukwaani, mashine hukirudia papo hapo bila kukoma, naye huendelea kuimba au kupiga ala juu ya sauti hiyo. Kila kipande kipya kinaweza kuongezwa juu ya kile kilichotangulia kama tabaka. Kwa njia hiyo mtu mmoja anaweza kusikika kama bendi au kwaya nzima: anagonga mwili wa gitaa kupata mapigo ya ngoma, anaongeza besi, kisha sauti za kuitikia, na mwisho anaimba beti mwenyewe.

Muziki wa lupu ni tofauti na kuimba juu ya muziki uliorekodiwa studio. Katika lupu hakuna sauti iliyoandaliwa kabla ya onyesho. Kila kinachosikika kimetengenezwa mbele ya hadhira. Kwa sababu hiyo hata kosa hurekodiwa na kurudiwa. Sanaa ya lupu ni kujua cha kuongeza, na pia kujua lini pa kuacha na namna ya kuondoa kilichokwisha kuwekwa.

Jina

Neno "lupu" limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako maana yake ni kitanzi. Mwanzoni kilikuwa kitanzi halisi: mafundi wa sauti walikata kipande cha utepe wa sumaku, wakaunganisha ncha zake mbili, wakakizungusha kwenye mashine ya kanda ili sauti ijirudie. Siku hizi sauti huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kidijitali, lakini jina limebaki. Kifaa cha kukanyagwa kwa mguu huitwa pedali ya lupu. Zipo pia mashine za kuwekwa mezani, ambazo huendeshwa kwa vidole, na programu za kompyuta na simu zinazofanya kazi hiyohiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Sauti ya ala au ya kipaza sauti hupita kwenye pedali kabla ya kufika kwenye amplifaya. Kwa kawaida kazi hufuata hatua hizi:

1. Mwanamuziki anakanyaga mara ya kwanza, na kurekodi kunaanza.
2. Anakanyaga mara ya pili. Hapo urefu wa lupu unakuwa umewekwa, na sauti inaanza kurudiwa.
3. Anakanyaga tena ili kuongeza tabaka jipya juu ya lile la kwanza.
4. Anapomaliza, anafunga tabaka hilo na kuendelea kupiga bila kurekodi, au anaongeza jingine.

Pedali nyingi zina pia njia ya kufuta tabaka la mwisho tu, na njia ya kusimamisha kila kitu.

Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote. Tuchukue wimbo wenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika: kila pigo ni nusu sekunde, na lupu ya mapigo 16 ni sekunde 8 kamili. Mwanamuziki akichelewa kukanyaga kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, lupu itakuwa na urefu wa sekunde 8.1. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inarudi katika kila mzunguko, na masikio huisikia kama kuchechemea. Ikiwa pamoja na lupu kuna mashine ya ngoma inayofuata mapigo 120, baada ya mizunguko 10 lupu itakuwa nyuma kwa sekunde nzima, yaani mapigo mawili. Ndiyo maana wapigaji wa lupu hufanya mazoezi ya mguu kama wanavyofanya ya vidole. Baadhi ya mashine hurekebisha urefu zenyewe ili ulingane na mwendo uliochaguliwa.

Historia

Sahani na kanda

Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer, aliyefanya kazi katika redio ya taifa mjini Paris, alitunga vipande vya muziki kwa kutumia sauti zilizorekodiwa, zikiwemo za treni. Alitumia sahani za santuri ambazo mfereji wake ulifungwa kama duara, hivyo sindano ilirudi palepale kila mara. Sahani inayozunguka mara 78 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa chini ya sekunde moja, kwa hiyo lupu zake zilikuwa fupi sana. Baadaye utepe wa sumaku ulileta uhuru zaidi, kwa kuwa kitanzi kingeweza kuwa cha urefu wowote.

Nchini Marekani mpiga gitaa Les Paul alijulikana kwa kurekodi tabaka nyingi za gitaa lake na za sauti ya mkewe, Mary Ford. Wimbo wao "How High the Moon" ulipata umaarufu mkubwa mwaka 1951. Watu walipotaka kusikia sauti hiyohiyo kwenye maonyesho, Les Paul alitengeneza kisanduku kilichofungwa kwenye gitaa, alichokiita Les Paulverizer. Kupitia kisanduku hicho aliongoza mashine ya kanda ambayo hadhira haikuiona.

Mashine mbili, utepe mmoja

Hatua iliyokaribia lupu ya leo ilifikiwa Paris mwaka 1963. Mtunzi Mmarekani Terry Riley alikuwa akiandaa muziki wa tamthilia pamoja na mpiga tarumbeta Chet Baker. Fundi wa redio ya Ufaransa alimwunganishia mashine mbili za kanda kwa utepe mmoja. Mashine ya kwanza ilirekodi, utepe ukasafiri hadi ya pili, na hiyo ikacheza kilichorekodiwa na kukirudisha kwenye mashine ya kwanza ili kirekodiwe tena pamoja na sauti mpya. Riley aliutumia mtindo huo katika maonyesho ya peke yake kwa saksafoni na kinanda, mengine yakiendelea usiku kucha.

Muda wa lupu ulitegemea umbali kati ya mashine hizo. Utepe unaokwenda sentimita 19 kwa sekunde huchukua zaidi kidogo ya sekunde 5 kusafiri mita moja. Aliyetaka lupu ndefu zaidi alisogeza mashine mbali zaidi, au alipunguza kasi ya utepe.

Katika miaka hiyohiyo Pauline Oliveros, pia wa Marekani, alifanya majaribio ya ucheleweshaji wa sauti kwa kanda, na baadaye aliuingiza katika upigaji wake wa kodiani. Steve Reich naye alitunga "It's Gonna Rain" mwaka 1965 kwa lupu mbili za maneno yaleyale zilizopishana polepole. Kisha alirekodi kipande cha piano, akakifanya lupu, na kupiga piano pamoja nacho ili aone kama mtu anaweza kupishana na mashine. Jaribio hilo lilizaa "Piano Phase" ya mwaka 1967, inayopigwa na watu wawili bila mashine yoyote.

Nchini Uingereza Brian Eno alimwonyesha mpiga gitaa Robert Fripp mtindo wa mashine mbili mwaka 1972, na mwaka uliofuata wakatoa albamu "(No Pussyfooting)". Fripp aliuita mtindo huo Frippertronics. Mwaka 1979 alizunguka peke yake na gitaa na mashine mbili za Revox, akipiga katika kumbi ndogo, mikahawa na maduka ya santuri.

Zama za dijitali

Katika miaka ya 1980 vilianza kupatikana vifaa vya dijitali vilivyoweza kushika sekunde chache za sauti bila utepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mswisi Matthias Grob alibuni mashine ambayo mawazo yake yalitumika baadaye katika Echoplex Digital Pro, moja ya vifaa vya kwanza vilivyoundwa hasa kwa ajili ya kupiga lupu na si kama mashine ya mwangwi tu. Mwaka 2001 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali ya RC-20, iliyoweza kurekodi dakika kadhaa. Mwaka huohuo ilitoka programu ya kompyuta ya Ableton Live, ambayo tangu toleo lake la 8 la mwaka 2009 ina kifaa maalumu cha lupu. Mwaka 2013 Boss ilitoa RC-505, mashine ya mezani yenye njia 5 za sauti, iliyopendwa sana na wanaopiga midundo kwa mdomo.

Umaarufu

Mwaka 2004 mwimbaji Mskoti KT Tunstall aliitwa kwa dharura kwenye kipindi cha televisheni cha Uingereza "Later... with Jools Holland" baada ya msanii mwingine kushindwa kufika. Aliimba "Black Horse and the Cherry Tree" peke yake kwa gitaa na pedali, akijenga mapigo na viitikio mbele ya kamera. Watazamaji wengi waliona kwa mara ya kwanza jinsi wimbo unavyojengwa tabaka kwa tabaka.

Mwaka 2015 Mwingereza Ed Sheeran alipiga usiku 3 mfululizo katika uwanja wa Wembley mjini London, akiwa peke yake na gitaa na pedali. Ziara yake iliyofuata, ya miaka 2017 hadi 2019, ilivunja rekodi ya mapato ya ziara za muziki ya wakati huo.

Kutunga kwa lupu

Tofauti kubwa kati ya kanda na dijitali ni kusahau. Katika mtindo wa mashine mbili, kila sauti ilirudi ikiwa hafifu kidogo. Ikiwa sauti inarudi kwa asilimia 80 ya nguvu zake, baada ya mizunguko 5 inabaki theluthi moja hivi. Mambo ya zamani yalififia yenyewe na kuyapisha mapya, hivyo muziki wa Riley na Fripp ulibadilika taratibu bila kusimama. Pedali ya dijitali haisahau. Tabaka la kwanza linabaki na nguvu ileile hadi mwisho, na kila linaloongezwa linaujaza zaidi wimbo. Anayeongeza tu bila kuondoa hufika mahali ambapo hakuna kinachosikika vizuri. Baadhi ya mashine zina kitufe cha kupunguza nguvu ya tabaka za zamani, ili kurudisha tabia hiyo ya kanda.

Tatizo la pili ni muda wa kujenga. Lupu ya sekunde 8 yenye tabaka 4 inahitaji angalau sekunde 32 kabla wimbo haujakamilika. Wimbo wa kwanza ukijengwa hivyo, hadhira hushangaa. Wa tano ukijengwa vilevile, hadhira huchoka kusubiri. Tatizo la tatu ni mzunguko wa noti. Lupu ikishawekwa, mfuatano wa noti za besi ni uleule, na beti, kiitikio na daraja vyote vinapaswa kukaa juu yake.

Wanamuziki wamepata njia mbalimbali za kushinda mipaka hii:

- Kuchagua mfuatano wa noti unaokubali melodia nyingi. Watunzi wa Ulaya wa karne ya 17 walifanya vivyo hivyo kwa besi inayojirudia, kama Henry Purcell katika maombolezo ya Dido.
- Kutumia mashine yenye njia kadhaa, ili kikundi kimoja cha tabaka kiwe cha beti na kingine cha kiitikio.
- Kuanza kuimba wakati lupu bado inajengwa, ili ujenzi wenyewe uwe sehemu ya wimbo.
- Kuacha nafasi makusudi: tabaka la kwanza liwe na noti chache, na kila tabaka likae kwenye sauti yake ya juu, ya kati au ya chini.
- Kuzima lupu yote ghafla na kuimba mstari mmoja bila chochote. Baada ya dakika 3 za kurudiarudia, kimya hicho huwa na nguvu kuliko tabaka lolote.

Hatari jukwaani

Kipaza sauti hunasa kila kinachotoka kwenye spika zilizo karibu. Mwimbaji akiongeza tabaka la sauti wakati spika zinarudia lupu kwa nguvu, lupu hiyo hurekodiwa mara ya pili ndani ya tabaka jipya, na sauti huanza kuwa nzito na yenye vurugu. Kwa hiyo wengi husikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, au hugeuza spika zisielekee kwenye kipaza sauti.

Umeme ukikatika, lupu ambayo haijahifadhiwa hupotea katika vifaa vingi, na mwanamuziki hulazimika kuanza upya au kumalizia wimbo kwa ala tupu. Noti isiyo sahihi ikiingia katika tabaka la kwanza, kuna chaguo tatu: kufuta na kuanza tena mbele ya watu, kuifunika kwa tabaka nyingine, au kuikubali na kuigeuza kuwa sehemu ya wimbo. Njia ya tatu ndiyo inayotofautisha mzoefu na anayejifunza, kwa kuwa noti inayorudi kila sekunde 8 huacha kuonekana kosa ikiwa zinazoifuata zimepangwa kuizunguka.

Wanamuziki wanaojulikana

- Zoë Keating, mpiga selo aliyezaliwa Kanada, hutumia kompyuta na kidhibiti cha miguu kujenga muziki wa selo nyingi akiwa peke yake.
- Andrew Bird wa Marekani huunganisha fidla, mbinja na sauti yake.
- Juana Molina wa Argentina aliacha kazi ya uchekeshaji wa televisheni, akawa mtunzi wa nyimbo zinazojengwa kwa lupu za gitaa, kinanda na sauti.
- Reggie Watts wa Marekani hutumia lupu katika uchekeshaji, akibuni nyimbo nzima papo hapo.
- Tash Sultana wa Australia alianza kwa kupiga barabarani mjini Melbourne, na alijulikana duniani mwaka 2016 kwa video ya wimbo "Jungle".

Lupu na muziki wa Afrika

Kurudia kipande kifupi kwa muda mrefu hakukuanza na mashine. Katika ngoma nyingi za Afrika kila mpigaji hushika pigo lake fupi na kulirudia, na muziki mzima hutokana na jinsi mapigo hayo yanavyokutana. Katika amadinda, marimba ya Buganda yenye funguo 12, wapigaji wawili hukaa wakitazamana na kupishana noti kwa kasi, na wa tatu hurudia kwenye funguo mbili za juu noti fulani zinazosikika katika mchanganyiko huo. Msikilizaji husikia melodia ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Steve Reich alisoma maandishi kuhusu muziki wa Afrika, na mwaka 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma.

Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi. Mpiga ngoma anayerudia pigo lake husikiliza wenzake: huongeza kasi wachezaji wanapochangamka, na hupunguza nguvu mwimbaji anapoanza. Lupu haisikilizi. Hurudia kilekile hata kama kila kitu kingine kimebadilika. Kazi ya kusikiliza, ambayo kwenye kundi hugawanywa kwa wote, kwenye lupu humwangukia mtu mmoja.

Mjadala kuhusu uhalisi

Kwa kuwa hadhira husikia sauti nyingi na kuona mtu mmoja, wapo wanaodhani kwamba muziki umeandaliwa kabla. Baada ya onyesho la Ed Sheeran katika tamasha la Glastonbury mwaka 2017, baadhi ya watazamaji wa televisheni walimshutumu kwa kutumia muziki uliorekodiwa. Alilazimika kueleza kwamba sauti zote zilitengenezwa palepale kwa mashine ya lupu. Swali hilo linafahamika pia Afrika Mashariki, ambako wasanii wa Bongo Flava wamekosolewa mara nyingi kwa kuimba juu ya pleibeki badala ya kupiga muziki wa moja kwa moja.

Wanaoipinga lupu husema inawanyima kazi wapiga ngoma, besi na vinanda, na kwamba bendi ya watu hujibizana kwa namna ambayo mashine haiwezi. Wanaoitetea husema inampa nafasi msanii asiye na fedha za kulipa na kusafirisha bendi, na kwamba ni ala yenye ufundi wake, si njia ya mkato. Baadhi ya wasanii huchanganya njia zote mbili: Sheeran mwenyewe, katika ziara aliyoianza mwaka 2022, alipiga baadhi ya nyimbo akiwa na bendi.

Wasanii wengi hujibu shaka hiyo kwa kuonyesha kazi yao. Huiweka pedali au mashine mahali panapoonekana, na hurekodi kila tabaka bila haraka ili hadhira ijue sauti ipi imetoka wapi. Kwa mtazamo huu, muda wa kujenga ambao huweza kuchosha ndio pia ushahidi wa uhalisi.

Matumizi katika kujifunza

Lupu hutumika pia kama chombo cha mazoezi. Mwanafunzi wa gitaa anaweza kurekodi mfuatano wa noti na kufanya mazoezi ya melodia juu yake. Mwanakwaya anaweza kurekodi soprano, alto, teno na besi, moja baada ya nyingine, na kusikia jinsi sauti hizo zinavyopatana au kugongana. Mazoezi hayo hufichua haraka udhaifu wa mwendo: anayekimbia au kuchelewa husikia kosa lake mwenyewe katika kila mzunguko.

Si lazima kununua pedali ili kuanza. SooperLooper ni programu ya bure kwa kompyuta za Linux na Mac, na zipo programu za simu zenye kazi hiyohiyo. Zoezi la kwanza linalofaa ni kupiga makofi mapigo 4, kuifunga lupu, na kuisikiliza kwa dakika moja bila kuongeza kitu. Lupu isiyochechemea kwa dakika hiyo ndiyo inayofaa kuwekewa tabaka la pili.